Kware ishirini nyuma ya nyumba: kuanza kufuga kwa mayai na nyama

Fanya hesabu kabla ya kununua mbao. Yai la kware lina gramu 10 hadi 12, la kuku wa kisasa gramu 55 hadi 60. Mayai matano ya kware ndiyo yai moja la kuku. Majike 15 wanaotaga vizuri watakupa mayai 12 kwa siku, yaani sawa na mayai mawili na nusu ya kuku, na watakula karibu gramu 375 za chakula. Kuku watatu wa mayai wangekula karibu kiasi hichohicho na kukupa karibu uzito huohuo. Anayekuambia kware wanakula kidogo kuliko kuku anahesabu ndege, hahesabu mayai.

Kware anamshinda kuku kwa mambo mawili: nafasi na muda. Ndege 20 wanaenea kwenye kizimba cha mita moja kwa sentimita 60, kinachokaa chini ya upenu wa nyumba ya kupanga. Na wakati kuku wa mayai anakula wiki 18 hadi 20 kabla ya yai la kwanza, jike wa kware anaanza kutaga akiwa na wiki sita hadi nane. Dume wa kuchinja yuko tayari katika wiki ya sita. Kama una ua mkubwa na subira, kuku wanatosha. Kama huna ua, endelea kusoma.

Biashara tunaiweka kando makusudi. Mwaka 2013 na 2014 Kenya na Tanzania zilipata homa ya kware: mayai yalisifiwa kuwa dawa ya kisukari, presha, pumu na nguvu za kiume, watu wakakopa wakajenga mabanda, kisha bei ikaporomoka. Wengi walikuwa wanauziana mayai ya kutotolesha na vifaranga wao kwa wao. Walaji walikuwa wachache. Yai la kware ni chakula kizuri kama yai lingine, si dawa ya ugonjwa wowote. Ukizalisha kwa ajili ya sahani yako, kuporomoka kwa bei hakukugusi.

Neno moja kuhusu jina. Ndege tunayemzungumzia ni kware wa Kijapani, Coturnix japonica. Vitabu vya ndege humwita tombo, na jina la kwale huliweka kwa yule ndege mkubwa zaidi anayekimbia vichakani. Sokoni wote wanasema kware, nasi tunalifuata soko. Magharibi mwa Kenya wanamjua jamaa yake wa porini, aluru kwa Wajaluo na isindu kwa Waluhya, anayenaswa kwa mitego. Huyo wa kunaswa usimweke kizimbani ukitarajia mayai. Unayemtaka ni aliyezaliwa kwenye mikono ya watu kwa vizazi vingi. Pia uliza kuhusu kibali kabla hujatoa hela: wakati wa homa ile KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilidai leseni kwa wafugaji wa Kenya, kwa kuwa kware alihesabiwa kuwa mnyamapori. Tanzania anzia kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Hatua ya kwanza: kizimba

Vipimo vya ndege 20 ni urefu mita 1, kina sentimita 60 na kimo sentimita 25. Hapo kila ndege anapata sentimita za mraba 300, nafasi ya kutosha bila kugombana sana.

Kimo ndicho wengi wanachokosea. Kware akishtuka hakimbilii pembeni. Anaruka wima kama kizibo cha soda iliyotikiswa. Kwenye kizimba cha sentimita 50 au 60 anapata nafasi ya kushika kasi kabla ya kugonga juu, na hapo anapasuka kichwa au anavunjika shingo. Kwenye sentimita 25 hajaanza kasi. Kama unapendelea banda la kuingia mwenyewe, lipandishe zaidi ya mita 2 ili atue kabla ya kufika juu. Kimo cha katikati ndicho kinachoua.

Fremu ni mbao za inchi 2 kwa 2. Sakafu, ubavu na juu ni waya wa matundu ya mraba ya milimita 12, ule wanaouita wa nusu inchi. Usitumie waya wa kuku wenye matundu ya pembe sita: kichwa cha kware kinapita, na panya mdogo anapita pia. Upande wa juu weka gunia au turubai chini ya waya ili kichwa kikigonga kigonge kitu laini.

Sakafu iteremke sentimita 5 kutoka nyuma hadi mbele, na waya wake utokeze nje kwa sentimita 10 kisha ukunjwe juu kidogo kama mfereji. Kati ya sakafu na mlango wa mbele acha mwanya wa sentimita 3. Yai litabingirika lenyewe hadi nje, safi, bila kukanyagwa wala kudonolewa. Mteremko ukizidi, mayai yanagongana na kupasuka. Ukipungua, yanabaki ndani. Jaribu na yai moja kabla ya kupigilia misumari ya mwisho.

Kusimama kwenye waya mchana kutwa kunaumiza nyayo. Weka kipande cha ubao laini cha sentimita 20 kwa 30 upande wa nyuma, ukitoe na kukisugua kila wiki. Chini ya sakafu weka trei ya bati au plastiki ya kudaka kinyesi, na uimwage kila siku ya pili. Kinyesi cha kware kina amonia kali kuliko ukubwa wa ndege mwenyewe. Trei ya siku tano inatosha kuwachoma macho na kuwakasirisha majirani. Kikishaoza pamoja na majani makavu kwa miezi miwili, mchicha unakipenda.

Miguu ya kizimba iwe na kimo cha sentimita 70 hivi, na kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu. Siafu wakipanda usiku mmoja, asubuhi utakuta mifupa. Pande tatu zizibwe dhidi ya upepo na mvua, wa nne ubaki wazi. Pwani tafuta kivuli cha siku nzima: joto likizidi nyuzi 35 utawaona wametanua midomo wanahema, na mayai yanapungua. Arusha, Mbeya au Limuru adui ni upepo wa usiku, kwa hiyo shusha gunia mbele jua likizama, ukiacha mwanya wa hewa juu.

Paka, nguchiro na nyoka wanajulikana. Panya ndiye anayedharauliwa, naye hahitaji kuingia ndani: anamng'ata ndege mguu kutoka chini ya waya. Trei ya kinyesi inamzuia kidogo. Kuondoa chakula kilichomwagika kunamzuia zaidi.

Hatua ya pili: kununua ndege

Usianze na vifaranga wa siku moja, hata kama muuzaji anawatoa kwa bei ya kutupa. Wiki mbili za kwanza ndizo zinazoua kware wengi kuliko maradhi yote yanayofuata. Nunua waliofikisha wiki nne au tano, wenye manyoya kamili, wasiohitaji taa ya joto. Kutotolesha utajifunza baadaye, kwa mayai yako mwenyewe, ambayo ukiyaharibu hayaumi sana.

Katika umri huo jinsia inaonekana kifuani, kwa kware wa rangi ya kawaida. Dume ana kifua cha rangi ya kutu, kimoja kisicho na madoa. Jike ana kifua cha majivu chenye madoa meusi. Kware weupe na wa rangi nyingine hawasomeki hivyo. Wasubiri hadi wiki ya sita au ya saba, ugeuze ndege na kubonyeza polepole juu ya tundu la nyuma. Dume aliyekomaa hutoa povu jeupe kama la sabuni. Muuzaji anayesema "wote majike" bila kugeuza hata mmoja, mgeuzie mwenyewe.

Kwa kizimba hiki chukua majike 15 na madume wanne. Kama unataka mayai ya kula tu, usichukue dume hata mmoja: jike anataga bila dume, na utaokoa chakula na kelele. Dume mmoja kwa majike watatu hadi watano ndiyo kiasi cha mayai yenye mbegu. Wakizidi, wanawapanda majike hadi migongo inabaki ngozi tupu, na wao kwa wao wanachunana vichwa.

Angalia macho makavu, pua safi, vidole vilivyonyooka, manyoya ya nyuma yasiyo na kinyesi kilichoganda. Uliza tarehe ya kutotolewa, si "umri". Majike wanaouzwa wakiwa na miezi kumi ni mabaki ya mtu aliyeona utagaji umeshuka. Na usishangae wakifika kwako wakagoma kutaga wiki moja au mbili. Safari na kelele mpya hufanya hivyo.

Hatua ya tatu: chakula

Hapa ndipo fedha yako yote inapokwenda, na hapa ndipo mayai yanapopatikana au kukosekana. Kware anahitaji protini nyingi kuliko kuku. Kifaranga hadi wiki ya sita anataka asilimia 24 hadi 26. Jike anayetaga anataka asilimia 18 hadi 20, pamoja na kalsiamu asilimia 2.5 hadi 3.5 kwa ajili ya gamba. Chakula cha leya, yaani cha kuku wa mayai, kwa kawaida kina protini asilimia 16 au 17. Majike wakilishwa hicho peke yake wanataga, lakini mayai yanakuwa madogo, kisha yanaruka siku, kisha ndege wanaanza kudonoana manyoya kutafuta protini kwa jirani.

Vyakula maalumu vya kware havipatikani kila mji. Njia rahisi ni kuongeza nguvu chakula cha kuku kwa unga wa dagaa. Kwa majike wanaotaga, changanya kilo 9 na robo za leya mashi na robo tatu kilo ya unga wa dagaa: unapata kilo 10 zenye protini karibu asilimia 19. Kwa vifaranga, changanya kilo 9 za broila stata, chakula cha vifaranga wa kuku wa nyama, na kilo 1 ya unga wa dagaa: karibu asilimia 25. Dagaa wasizidi hapo kwa wanaotaga, la sivyo mayai yatanuka samaki.

Dagaa wenyewe ni mtihani. Chukua wale wa Ziwa Victoria waliokaushwa juani bila chumvi. Dagaa wa baharini wanaotiwa chumvi wanaua vifaranga: watakunywa maji bila kukoma, watahara, watalala upande. Onja mwenyewe kabla ya kusaga. Wale waliofagiliwa ufukweni huja na mchanga mwingi. Tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, uone kilichotuama chini. Mchanga haujengi yai, na umeulipia kwa kilo.

Leya mashi huwa na punje kubwa za mahindi ambazo kware hurusha nje akitafuta vipande laini. Pitisha kwenye chekeche, kilichobaki kisagwe tena. Ndege mzima anakula gramu 20 hadi 25 kwa siku, basi kizimba cha ndege 19 kinataka kama gramu 475, kilo 14 na kidogo kwa mwezi. Chakula kikiisha zaidi ya hapo, kinamwagika. Kware huchota kwa mdomo na kutupa pembeni. Ni tabia, haifundishiki. Jaza kihori theluthi moja tu, ulaze kipande cha waya wa milimita 12 juu ya chakula ili adonoe bila kufukua, na kihori kining'inie nje ya kizimba wakitoa vichwa tu.

Weka pembeni kikopo cha makombe ya konokono au ya chaza yaliyosagwa kama punje za mtama. Jike anayehitaji atakula mwenyewe. Usiwachanganyie vifaranga wala madume kalsiamu ya ziada. Figo zao haziihitaji.

Majani ya mchicha au sukuma wiki yaliyokatwakatwa ni kitoweo, kiganja kimoja kwa kizimba, siyo mlo. Pumba na mabaki ya ugali ni njia ya haraka ya kusimamisha utagaji. Maji yawe safi saa zote: nusu siku bila maji wakati wa joto, na mayai ya siku mbili tatu zinazofuata utayasahau.

Hatua ya nne: mwanga na mayai

Huku kwetu karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima. Jike wa kware anataka saa 14 hadi 16 za mwanga ili atage mfululizo. Taa ndogo ya LED ya wati 3 au 5 inatosha kizimba kimoja: iwake kabla ya jua kuzama saa 12 jioni, izimwe saa 3 usiku. Muda uwe uleule kila siku. Taa inayowaka leo hadi saa 5, kesho hadi saa 1, inawachanganya kuliko kutokuwa na taa. Kwa mpango huu, na chakula sahihi, jike mzuri hutaga mayai 250 hadi 300 katika mwaka wake wa kwanza.

Kware wengi hutaga alasiri na jioni, tofauti na kuku. Okota mara moja jua likizama na mara nyingine taa ikizimwa. Bakuli la mchanga mkavu wa kuogea wape asubuhi kwa saa moja, ulitoe kabla ya mchana. Ukiliacha watataga humo.

Kila jike ana chapa yake ya madoa, na baada ya wiki chache utajua yai ni la nani. Hiyo ina faida: likija yai jeupe lisilo na madoa kutoka kwa jike wa madoa, au gamba laini kama ngozi, unajua wa kumwangalia. Likitokea mara moja ni mshtuko, paka alipita. Likirudiarudia, angalia kalsiamu na joto. Jike aliyekaa kajikunja, mkia chini, anakaza bila kutoa kitu, yai limemkwama: mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu hadi tumboni kwa dakika 15, mpake mafuta ya kula kwenye tundu, mwache gizani. Usilibane yai, likipasukia ndani umemuua.

Mayai ya kula yasioshwe hadi siku ya kuyapika. Kwa kuchemsha, dakika nne baada ya maji kuchemka yanaiva kabisa, kisha yatie kwenye maji baridi. Ngozi ya ndani ya yai hili ni ngumu kuliko ya kuku. Mayai ya siku hiyohiyo hayamenyeki. Acha yapitishe siku tatu nne.

Hatua ya tano: kutotolesha

Kware wa kufugwa amesahau kuatamia. Tumia mashine ya kutotoleshea, au mtetea mdogo wa kienyeji, kwa sababu kuku mzito anayaponda.

Kusanya mayai ya siku saba zilizopita yasiyo na ufa, ncha nyembamba chini, mahali penye ubaridi. Dar es Salaam au Mombasa bila chumba baridi usivuke siku nne. Mashine yenye feni iwe nyuzi 37.5. Isiyo na feni, nyuzi 38.3 zikipimwa usawa wa sehemu ya juu ya mayai. Iwashe saa 24 kabla, na ujiridhishe na kipimajoto cha pili, kwa maana vile vinavyokuja na mashine za bei rahisi hudanganya nyuzi moja nzima na nyuzi moja inatosha kuharibu kila kitu. Geuza mayai mara tatu au tano kwa siku hadi siku ya 14, kisha acha kabisa. Unyevu uwe asilimia 45 hadi 55 mwanzoni, upande hadi 65 au 70 siku tatu za mwisho. Pwani hewa tayari ina maji, kwa hiyo mwanzoni unaweza kuhitaji maji kidogo sana. Ukijaza trei zote, vifaranga wanazama ndani ya gamba. Kumulika kwa tochi ni kugumu kwa sababu ya madoa, usijisumbue.

Umeme ukikatika, usifungue mashine. Ifunike blanketi, na ikizidi saa moja weka chupa za maji moto juu yake. Baridi ya saa mbili huchelewesha. Joto la nyuzi 40 kwa muda huohuo huua.

Wanatotolewa siku ya 17 au 18. Usiwatoe kila anapotokea mmoja, maana ukifunua unyevu unashuka na ngozi ya yai inawakaukia wengine mwilini. Wakikauka na kuchangamka, baada ya saa 12 hadi 24, hamisha wote. Yai ambalo halijatoboka siku ya 19 jioni huwa halitoi kitu cha maana.

Hatua ya sita: wiki tatu za vifaranga

Kifaranga ana gramu 6 hadi 8 tu. Kila kinachowaua kinatokana na udogo huo.

Boksi la sentimita 60 kwa 40 linatosha vifaranga 40 kwa wiki mbili. Chini tandika gunia au kitambaa kikavu chenye mikwaruzo, kamwe si gazeti wala plastiki. Wakiteleza siku mbili za kwanza, miguu inatanuka kwa pembeni na hairudi. Maranda yaingie baada ya wiki moja, wakishajua chakula ni kipi. Kabla ya hapo watakula maranda.

Taa ya kupasha joto iwe upande mmoja, si katikati, ili wachague. Chini ya taa iwe nyuzi 36 hivi wiki ya kwanza, ukishusha nyuzi 3 kila wiki kwa kuinua taa. Lakini kipimo chenyewe ni vifaranga. Wakirundikana chini ya taa wanalia, ni baridi, na walio chini ya rundo watakufa kwa kukosa hewa. Wakikimbilia pembe za mbali wametanua mabawa, ni joto. Wakitawanyika wanakula, usiguse. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua vifaranga na mfugaji pia. Ukilazimika kutumia chungu cha makaa, acha dirisha wazi.

Maji ni kifo cha pili. Tumia kifuniko cha chupa kilichojazwa gololi au kokoto safi, wanywe kati ya mawe. Kifaranga akilowa kifua tu anakufa kwa baridi ndani ya saa chache, hata kwenye maji ya kina cha kucha. Kokoto zitoke baada ya siku kumi.

Chakula kisagwe kiwe kama unga wa dona, kimwagwe pia juu ya kitambaa siku ya kwanza. Siku ya tatu hesabu waliolala; vifo vichache ni vya kawaida, lakini ukipoteza zaidi ya mmoja kati ya kumi, tafuta kosa kwenye joto au maji kabla ya kukimbilia dawa ya duka la mifugo. Weka wavu juu ya boksi mapema: wakiwa na siku 14 wanaruka.

Wiki ya tatu hadi ya nne manyoya yamejaa, taa inatoka, wanahamia kizimbani. Hadi wiki ya sita kila mmoja atakuwa amekula nusu kilo au gramu 600.

Hatua ya saba: kuchinja

Karibu nusu ya vifaranga ni madume, na hao ndio nyama yako. Mara wanapoanza kuwika na kukimbizana, watenge kwenye kizimba chao bila taa ya usiku. Mwanga mdogo unapunguza ugomvi. Wiki ya sita wana gramu 130 hadi 160. Kuwaweka zaidi ni kulisha ndege asiyekua tena.

Waondolee chakula saa nne hadi sita kabla, maji yabaki. Chinja kwa kisu kikali, Muislamu kwa bismillahi kama ndege mwingine yeyote. Maji ya kunyonyolea yawe ya moto bila kuchemka, nyuzi 55 hadi 60, na umzamishe kwa sekunde 20 tu; maji yanayochemka yanaivisha ngozi na ikichanika hunyonyoi tena, unaparua. Wenye haraka humchuna ngozi pamoja na manyoya, dakika mbili kwa ndege, lakini wanapoteza mafuta, na kwenye mkaa nyama inakauka.

Kata uti wa mgongo kwa mkasi wa jikoni, mfungue kama kitabu, toa matumbo kwa kidole, okoa ini, moyo na firigisi. Tia kwenye maji ya barafu, kisha umlaze kwenye friji hadi kesho yake; akipikwa saa ileile, misuli imekaza na hata kware mchanga anakuwa mgumu. Dume wa gramu 150 anabaki na nyama na mifupa ya gramu 100 hadi 110. Mtu mzima anataka wawili. Kwenye mkaa dakika 10 hadi 15 zinatosha; kwenye mchuzi wa nazi aingie mwishoni, nazi ikishatokota.

Yanayoharibika

Kware huugua kidogo akiwa pakavu na peke yake. Matatizo makubwa huanza pale anapofugwa juu ya sakafu chafu au kando ya kuku. Kuku anaweza kubeba mafua na kideri bila wewe kujua, kwa hiyo hudumia kware kwanza, kuku baadaye, na viatu vya bandani visiwe vilevile. Kuku wako wachanjwe kideri kwa ratiba. Kuhusu kuchanja kware wenyewe, daktari wa mifugo wa eneo lako anajua kama ugonjwa unazunguka.

Uharo mweupe wa majimaji, ndege wamejikunyata, vifo vya ghafla vya ndege wanono: shuku ugonjwa wa vidonda vya utumbo, ambao kware anashikwa nao kuliko ndege wengi. Unataka antibayotiki kwa maelekezo ya daktari, na mayai hayaliwi hadi muda wa dawa upite. Uharo wa damu kwa walio sakafuni ni koksidiosi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo. Dawa ipo, lakini bila kubadilisha maranda yote inarudi. Wakifa wengi kwa siku moja, usichinje waliobaki upesi ili wasiharibike, na usiwauze. Piga simu ofisi ya mifugo.

Mgongo wenye kidonda: mtoe ndege huyo leo, si kesho. Kware wanavutwa na damu, na kidonda cha asubuhi jioni ni mzoga. Ukimrudisha baada ya kupona, mrudishe taa ikizimwa.

Mbegu zikipungua ndani ya kizazi cha pili au cha tatu, vifaranga wakitoka dhaifu na vidole vilivyopinda, umezalisha ndugu kwa ndugu. Kware huathirika na hilo haraka kuliko kuku. Badilishana madume na mfugaji wa mtaa mwingine kila kizazi, na madume wa nyumbani waishie jikoni.

Utagaji hushuka baada ya miezi kumi hadi kumi na miwili. Weka mayai kwenye mashine majike wakifikisha miezi minane: siku 18 za mashine na wiki saba za kukua, na kizimba kinapokea wataga wapya kabla wa zamani hawajaingia sufuriani. Hao wa zamani ni wa kuchemsha polepole kwa saa nzima, na supu yao ni nzuri kuliko ya madume wachanga.